Karatasi Yenye Jina la Mtu Mwingine

Jumapili, Temeke

Kwa miaka kumi nimekuwa nikimwomba Shangazi anioneshe karatasi ya bibi yake, na kwa miaka kumi jibu limekuwa lile lile: "Ya nini, mwanangu? Yaliyopita si ndwele." Leo alfajiri kanipigia simu mwenyewe. "Njoo uichukue kabla macho hayajanizimika kabisa. Nataka nisikie imeandikwa nini."

Nilimkuta uani, amekaa mkekani, mkebe wa biskuti uko mapajani. Shikamoo, marahaba, kisha chai na mihogo kwanza, maana Shangazi hafungui jambo na mtu mwenye njaa. Ndani ya mkebe mlikuwa na hati ya kiwanja, kadi ya kliniki ya mtoto ambaye sasa ana wajukuu, picha mbili za pasipoti, na chini kabisa, ndani ya kipande cha kanga, karatasi yenyewe. Imekunjwa mara nne. Mikunjo inapokutana pameshakuwa tundu, ukiiinua juani unamwona mtu wa upande wa pili.

Maandishi ya chapa ni ya Kijerumani, na mapengo yamejazwa kwa wino uliogeuka rangi ya kutu. Pembeni kuna muhuri wa tai. Namba. Jina la mwanamke. Kabila: Mnyasa. Jina la bwana aliyemmiliki. Mwaka 1908.

Nikamsomea Shangazi lile jina. Akanyamaza. Nikalisoma tena.

"Huyo si Bibi," akasema. "Bibi hakuitwa hivyo."

Jina la kwenye karatasi ni la kitu kinachonukia, kitu cha kufukizia nguo. Jina tunalolijua sisi, lile linalotajwa kwenye hitima, ni jina zito la Kiislamu, jina la mke wa mtu mkubwa. Basi kwa nini Bibi, ambaye hakujua kusoma, aliihifadhi karatasi ya mtu mwingine mpaka siku ya kufa kwake?

Shangazi akaweka sharti moja kabla sijaondoka. "Majina yote mawili usiyaandike mahali. Wala la hao waliommiliki. Tumeshaoana nao." Nimekubali, na nitalishika. Aliyekulia pwani anajua kuwa neno "mtumwa" likitajwa kwenye posa linaweza kuvunja ndoa hata leo. Kwa hiyo humu ataitwa Bibi tu.

Jumatatu, Upanga

Watu wengi huniambia kuwa Wajerumani ndio waliofuta utumwa huku bara. Hawakuufuta. Walipambana na usafirishaji wa watu baharini na barabarani, lakini mtumwa aliyekuwa nyumbani kwa bwana wake aliendelea kuwa mtumwa, na serikali ikiangalia. Walichofanya ni kufungua milango midogo midogo. Amri ya mwaka 1901 ilimpa mtumwa haki ya kujikomboa kwa fedha. Amri ya mwaka 1904 ikasema kuwa watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia mwaka 1906 watakuwa huru tangu tumboni. Zanzibar hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897. Huku Tanganyika ilibidi kungoja hadi mwaka 1922, Wajerumani wakiwa wameshaondoka na Waingereza wameshika nchi.

Kwa hiyo aliyetoka utumwani mwaka 1908 alitoka peke yake, kwa jina lake, na mkononi akapewa karatasi. Wajerumani waliiita Freibrief. Sisi tungeiita barua ya uhuru, na bila hiyo barua mtu angeweza kukushika barabarani akudai ni wake.

Ofisi ya Nyaraka za Taifa iko Upanga. Kibali nilikuwa nacho tayari. Begi unaliacha mlangoni na kalamu ya wino pia, unaingia na penseli na daftari. Majalada ya zama za Wajerumani yanatambulika kwa herufi G. Nimeshinda kwenye orodha, nimejaza karatasi za maombi, na jioni nimerudi nyumbani bila kugusa hata jalada moja. Kazi hii siku ya kwanza huwa hivyo.

Jumanne, Upanga

Leo majalada yamekuja mezani, na nimegundua kuwa Kijerumani changu si kitu. Kusoma Kijerumani cha chapa naweza. Mwandiko wa mkono wa wakati ule ni jambo jingine kabisa. Herufi "e" imeandikwa kama "n", na "s" imenyooshwa juu na chini kama "f". Saa nzima nilikuwa nalitazama neno nililodhani ni la Kibavaria, kumbe ni "Feruzi".

Baadaye nikapata njia. Niliacha kusoma kwa macho, nikaanza kusoma kwa sikio. Karani Mjerumani aliandika alichosikia. "Djuma" ni Juma. "Schabani" ni Shabani. "Madjaliwa" ni Majaliwa. Ukilitamka polepole, unamsikia mtu amesimama mbele ya meza akijitaja, na karani anauliza tena, na yule anarudia kwa sauti kubwa zaidi.

Majina yakianza kufunguka unaona kitu kinachouma. Watoto wa waungwana walipewa majina ya mitume na masahaba. Watumwa aghalabu walipewa majina ya siku waliyozaliwa au waliyonunuliwa, ya vito, ya manukato, na ya bahati aliyoitarajia bwana: Hamisi, Almasi, Marjani, Zafarani, Mabruki, Baraka, Faida. Faida ya nani? Mimi nina rafiki anaitwa Faida na nimemwita hivyo tangu tuko darasa la kwanza. Leo nimeliona hilo jina kwenye karatasi iliyoliwa na wadudu, nikaweka penseli chini.

Na kabila? "Mnyasa", "Mnyasa", "Mnyasa", ukurasa mzima. Neno hilo kwenye karatasi hizi halikutaji kwenu. Linataja upande ulikotokea tu, kule kwenye ziwa. Myao, Mmakua, Mmang'anja, wote wakifika pwani wanaweza kuandikwa neno moja.

Jumatano, Kariakoo

Nimekwenda kumwona mzee mmoja, mwalimu wa madrasa, ambaye ukoo wake ulikuwa karibu na makadhi. Alinipokea barazani na kahawa chungu.

Nilimuuliza kuhusu kuacha huru kwa njia ya dini, maana ukoo wetu umekuwa ukisimulia kuwa Bibi aliachwa huru na bwana mcha Mungu mwezi wa Ramadhani. Akanieleza vizuri. Kuacha huru ni thawabu kubwa, na mara nyingine ni kafara ya mtu aliyevunja kiapo au saumu yake. Suria akizaa na bwana wake, mtoto ni huru, na mama naye anakuwa huru siku bwana akifa. Lakini fundo halikatiki lote. Aliyeachwa huru anabaki na walaa, yaani fungamano, kwa yule aliyemwacha, hata kwenye urithi: akifa bila mrithi, mali inarudi kule kule.

"Sasa wewe unatafuta nini hasa?" akaniuliza.

Nikamwambia habari za majina mawili. Hakushangaa hata kidogo. Akasema waliotoka utumwani wengi walibadilisha majina, hasa wanawake. Lile la manukato walilitupa, wakajiita Mwanaisha, Fatuma, Hadija, majina ambayo zamani wasingethubutu. Na wasiokuwa na baba anayejulikana kwa Waislamu waliandikwa "bin Abdallah" au "binti Abdallah", mtoto wa mja wa Mungu. "Ukiona Abdallah, usikimbilie kumtafuta huyo Abdallah," akasema. "Unaweza kumtafuta mpaka kiama."

Nimefika nyumbani nikafungua daftari. Kwenye hitima yetu Bibi hutajwa kwa jina lake, kisha binti Abdallah. Miaka yote hii nilidhani nina babu aitwaye Abdallah.

Alhamisi, Bagamoyo

Wadudu wamenilazimisha kupumzika: jalada ninalolingoja limepelekwa kusafishwa. Nikapanda gari Makumbusho kwenda Bagamoyo, maana Bibi, kwa masimulizi ya Shangazi, alikuwa akisema, "Nilishuka pwani kwa miguu yangu." Sisi tukajaza lililobaki wenyewe: pwani ni Bagamoyo.

Misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu ilianza mwaka 1868. Walikuwa wakiwanunua watoto kwenye soko la watumwa la Unguja, wanawavusha, wanawapa shule na jembe, na wakikua wanawaozesha na kuwapa kiwanja katika kijiji cha waliokombolewa. Nimetembea chini ya miembe mpaka makaburini. Nimetazama minyororo kwenye jumba la makumbusho, imetengenezwa kwa kipimo cha shingo nyembamba sana.

Nasema ninavyoona: uhuru ule ulikuwa na kengele. Kengele ya kuamka, ya sala, ya shamba. Na mtoto aliyeingia pale akiwa Songoro alitoka akiwa na jina la mtakatifu wa Ulaya, kwa hiyo kitabu cha ubatizo nacho ni pazia jingine juu ya pazia. Hata hivyo siwezi kuwadharau waliopita njia hiyo. Mwili wa Livingstone ulifikishwa hapa Februari 1874, umebebwa na watu wake mwenyewe kutoka Chitambo, kijiji alikofia, katika Zambia ya leo. Kati yao alikuwamo Chuma, Myao aliyefunguliwa kutoka msafara wa watumwa mwaka 1861 akiwa mtoto, na Jacob Wainwright, ambaye naye alikuwa mtumwa, akasomeshwa India, na ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti pale Chitambo. Jina lake lote ni la Kiingereza. Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza wapelelezi Waingereza Burton na Speke, amebeba jina la mji wa India, nchi alikopelekwa utumwani. Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa kisha akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa UMCA, misheni ya Waanglikana, mwaka 1890, ana Cecil ya Waingereza mbele, lakini Majaliwa hakuliacha. Nalipenda jina hilo kwa sababu hiyo. Majaliwa ni kile Mungu alichokujalia, na hapo hakuna bwana.

Mzee anayetembeza wageni aliniuliza mtu wangu ni kabila gani. Nikasema Mnyasa. Akatikisa kichwa.

"Mnyasa wako hakupita hapa, ndugu yangu. Hapa njia yetu ni ya Tabora na Ujiji, na wengi walioshuka ni wapagazi wenye mshahara wao, na pembe. Watu wa Nyasa walishukia Kilwa Kivinje."

Nimekaa ufukweni hadi gari la saa kumi. Sisi watu wa Dar es Salaam kila habari ya utumwa tunaipeleka Bagamoyo, kwa sababu ndiko kwenye kibao na tikiti. Kumbe wa kwetu alitembea kutoka ziwani hadi Kilwa, mtoto wa miaka minane au tisa, kisha akapakiwa jahazini kuja kwenye mji ambao Sultani Majid aliuanzisha miaka ya 1860 kwa mikono ya watu kama yeye.

Ijumaa, Upanga

Nimeipata.

Jalada lilifunguliwa saa nne kasoro. Ni daftari la wilaya, limechorwa kwa rula safu nane: namba, jina, jinsi, umri, kabila, bwana, sababu, tarehe. Sikutafuta jina. Nilitafuta namba iliyoko kwenye karatasi ya Shangazi, na ilikuwa pale, chini kidogo ya katikati ya ukurasa. Jina la manukato. Mwanamke. Umri wa kukisia, 28. Mnyasa. Bwana yule yule. Kila kitu sawa na karatasi, na bado swali langu liko pale pale: huyu ni Bibi, au ni mtu mwingine ambaye Bibi alimtunzia barua yake?

Kisha nikaona mstari wa chini yake. Namba inayofuata, tarehe ile ile, bwana yule yule. Mvulana. Umri, 4. Jina lake ni jina la siku ya juma, na ndilo jina la babu yangu.

Sikusogea kwa muda. Babu, baba yake Shangazi, ambaye sote tunamhesabu kuwa mzaliwa huru wa Dar es Salaam, mtu wa kwanza wa ukoo kushika kalamu. Miaka minne mwaka 1908 maana yake alizaliwa mwaka 1904. Amri iliwaweka huru waliozaliwa kuanzia 1906. Babu aliwahi kuzaliwa, akaukosa uhuru kwa kama mwaka mmoja na nusu. Na angekuwa mtoto wa yule bwana, kwa sheria ya dini angezaliwa huru.

Mistari hiyo miwili imeunganishwa na mabano moja kubwa, kama mtu alivyokunja mkono kuikumbatia, na kwenye safu ya sababu limeandikwa neno moja kwa wote wawili. Nimelihakiki herufi kwa herufi, nikamwomba na msomaji wa meza ya pili alitazame, anayejua mwandiko huo kuliko mimi. Maana yake ni kujikomboa. Si zawadi, si kafara, si Ramadhani. Alilipa. Alijilipia, na akamlipia mwanawe.

Kiasi kimeandikwa kwa rupia. Tarakimu ya mbele imeliwa na wadudu, imebaki sifuri na kitundu chenye kingo za kahawia.

Ukurasa una majina 21. Nimeyanakili yote kwa penseli kabla ya adhana ya Ijumaa.

Jumamosi

Sikuandika sana leo. Nimetembea Sokoine Drive, nimepita mbele ya Boma la Kale lililojengwa zama za Majid, nikasimama kwenye kivuli nikiwaza zile rupia alizipata wapi.

Neno moja tunalo mdomoni kila siku bila kulisikia. Kibarua. Ni barua ndogo, kikaratasi alichopewa mtumwa aliyekodishwa kufanya kazi ya siku mjini, akakirudisha jioni apate ujira wake. Ujira wenyewe aligawana na bwana, na fungu kubwa lilikuwa la bwana. Ni kwenye lile fungu dogo ndiko mtu alikojinunua, mpunga wa kutwanga, ukili wa kusuka, vitumbua vya alfajiri, sarafu moja moja, na mtoto mgongoni ambaye naye ana bei.

Jumapili, Temeke

Leo chai ilingoja. Shangazi aliniambia, "Soma kwanza."

Nikamsomea ukurasa wote wa daftari. Nilipofika kwenye mistari ile miwili nilisita, kwa sababu kumwambia mwanamke wa zaidi ya miaka 80 kuwa baba yake alizaliwa mtumwa si jambo la kulitupa tu. Nikamsomea namba, jina la manukato, jina la baba yake, na neno la sababu. Nikamweleza mabano.

Hakulia. Alinyoosha kidole akanionesha niweke daftari mapajani pake, ingawa maandishi yangu ya penseli hawezi kuyaona.

"Kwa hiyo karatasi ni yake," akasema.

"Ni yake, Shangazi. Jina lile alilitupa mwenyewe baadaye."

"Na hakuachwa na mtu."

"Hakuachwa."

Akakaa kimya, kuku wakidonoa karibu na miguu yetu. Halafu akaanza kunisimulia jambo ambalo sijalisikia hata mara moja katika miaka kumi ya kumsumbua. Bibi alikuwa akifunga sarafu kwenye pindo la kanga, fundo dogo gumu, analala nalo. Siku ya Idd aliwaita wajukuu mmoja mmoja, anafungua fundo kwa meno, anampa kila mtoto senti kumi, na kila mtoto anaambiwa neno hilo hilo: "Usimpe mtu akushikie." Watoto walicheka. Walidhani ni ubahili wa kizee. "Mama yetu alikuwa akitunyang'anya atuwekee," Shangazi akasema, "na Bibi aligombana naye kila Idd. Kila Idd, mwanangu. Sikuwahi kujua ni kwa nini."

Nikamuuliza kama sasa naweza kuandika majina. Akafikiri.

"Hapana. Jina lile alilitupa, wewe usimwokotee. Na hili jingine alilichagua liwe la nyumbani, liache nyumbani. Lakini andika kwamba alijilipia. Hilo liandike. Na andika kwamba alilipa kwa watu wawili."

Nimeandika.

Akaikunja karatasi mwenyewe, kwa kufuata mikunjo yake ya zamani, akairudisha kwenye kipande cha kanga na kwenye mkebe, chini ya hati ya kiwanja. Kisha akanirudishia daftari langu, lakini mkono wake ukabaki juu ya ukurasa.

"Umesema wako 21. Hao 19 waliobaki," akaniuliza, "wana watu?"